Si gesi, si jicho: maumivu ya kifua ya alfajiri yana jina lake



Leo siji na mitindo ya shela wala singo. Mabibi harusi wangu wa Mfunguo Mosi wameshakwenda kwao, charahani imepumzika kidogo, na nimepata nafasi ya kusema jambo nililolikalia muda mrefu. Nalisema wazi: sisi wanawake tunaambiwa haraka mno kwamba maumivu ya kifua ni gesi, na sisi wenyewe tunakubali haraka mno.

Yangu yalianza katikati ya msimu. Nilikuwa na magauni kumi na moja ya kumaliza kabla ya Alkhamisi, shanga zote za kutia kwa mkono. Nikalala nimechoka. Saa kumi kasorobo usiku nikaamshwa na kitu kimenikalia kifuani kama kinu. Si kuchoma, si kudunga. Ni uzito. Ukapanda mpaka kwenye taya, mkono wa kushoto ukawa kama si wangu, jasho la baridi likanitoka na feni inazunguka. Nikakaa kitako kitandani, nikamtaja Mola wangu. Baada ya dakika kama kumi ukaondoka wenyewe. Adhana ikaadhiniwa, nikasali, nikaenda kazini.

Mchana ule ule nikapanda ngazi mbili za duka la jumla Darajani na jora la kitambaa begani, na sikuhisi kitu. Hapo ndipo palipotuchanganya wote. Tulizoea kusikia kwamba mwenye moyo mgonjwa hawezi kupanda ngazi. Mimi ngazi napanda, na kifua kinanibana nikiwa nimelala chali sifanyi lolote.

Yakarudi usiku wa tatu. Yakarudi tena wiki iliyofuata.

Mavyaa wangu, Mungu amlipe kheri, alisema ni jicho, maana duka lilikuwa limechangamka na watu wanaona. Akaniandikishia kombe, nikanywa, na sijuti hata kidogo. Shoga yangu akasema vidonda vya tumbo, nikaacha pilipili na ndimu mwezi mzima. Kwenye kituo kimoja nilipimwa umeme wa moyo, kile kipimo cha ECG cha kubandikwa waya kifuani, saa nne asubuhi nikiwa mzima wa afya. Mistari ikatoka mizuri. Nikaambiwa nina mawazo, nipunguze kazi. Kwenye kituo kingine nilieleza kwamba moyo huwa unanienda mbio, nikapewa propranololi. Nikaimeza kwa utiifu kila siku, na maumivu ambayo yalikuwa yakija mara mbili kwa wiki yakaanza kuja mara mbili kwa usiku. Sikuunganisha vitu hivi viwili. Nani angeunganisha?

Aliyenisaidia hakuwa na mashine yoyote. Alikuwa muuguzi mtu mzima, amekuja kupimwa nguo ya harusi ya mwanawe. Akaniona nimeshika kifua, nikamwambia ni gesi. Akaniuliza, "Yanakuja saa ngapi, mwanangu?" Hakuna aliyewahi kuniuliza saa. Nikahesabu kichwani: saa tisa, saa kumi, saa kumi na nusu. Daima alfajiri. Akaweka kanga yake chini akasema, "Hiyo gesi gani inayotazama saa?"

Akanielekeza nilazwe usiku mmoja, nipimwe wakati maumivu yapo. Usiku ule, saa kumi na robo, yakaja. Wakanibandika waya haraka. Mistari ile ile iliyokuwa mizuri mchana ilikuwa imepanda juu kama mtu anayepata shambulio la moyo. Wakaniwekea kidonge chini ya ulimi, na ndani ya dakika chache maumivu yakayeyuka na mistari ikashuka mahali pake. Daktari akaziweka karatasi mbili kando kwa kando mbele yangu. Nililia, na sikulia kwa hofu. Nililia kwa sababu kulikuwa na karatasi inayosema nilichokuwa nikikisema miezi mitano.

Sasa nieleze kama nilivyoelezwa, maana mimi si daktari, nimesoma skuli mpaka kidato cha nne na baada ya hapo ni kozi ya ushoni. Moyo nao una mishipa yake midogo inayoupelekea damu. Ugonjwa wa moyo tunaousikia kila siku ni wa mishipa hiyo kujaa mafuta polepole, kama bomba linaloziba kwa uchafu. Mtu akitembea haraka au akibeba mzigo, moyo unataka damu nyingi na njia ni nyembamba, basi kifua kinabana. Huu wangu ni mwingine. Mshipa wenyewe una misuli, na misuli ile inajikaza ghafla, kama mtu aliyeukanyaga mpira wa maji. Damu inakatika. Akiondoa mguu, maji yanapita, na fundi akija asubuhi kukagua anaukuta mpira mzima, hauna tobo wala uchafu.

Si ugonjwa mpya. Daktari wa Marekani, Myron Prinzmetal, na wenzake waliuandika mwaka 1959: maumivu ya kifua yanayokuja mtu akiwa amepumzika, mara nyingi kati ya usiku wa manane na asubuhi. Wajapani wameuchunguza sana, na kule kwao wagonjwa wengi ni wanaume, kwa hiyo waume zenu nao wasijione wamesalimika. Kwa baadhi ya watu hutokea kwenye mshipa safi, kwa wengine hutokea pale pale palipo na mafuta, na hao hatari yao ni zaidi. Mshipa ukibana na usiachie, nyama ya moyo inakufa, au mapigo yanaharibika mtu akaanguka. Ndiyo sababu siukubali utani wa gesi.

Baadaye nikapanda boti kwenda Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, nikapitishwa kimrija kwenye mshipa wa mkono mpaka moyoni kupigwa picha. Nauli, malazi na gharama nyingine zilikula mtaji wangu wa vitambaa vya msimu mzima. Mishipa yangu ikaonekana safi. Nikawapigia nyumbani. Wifi yangu akapiga kigelegele kwenye simu: "Alhamdulillahi, kumbe huna kitu!"

Hapa ndipo ugomvi wangu ulipo, dada zangu, na ndiyo maana ninaandika. Mishipa safi si sawasawa na "huna kitu". Wagonjwa wengi wenye maumivu ya kweli ya moyo ambao picha zao zinatoka safi ni wanawake. Wanarudishwa nyumbani na Panadol na nasaha ya kupunguza mawazo. Picha ile ilipigwa mchana, mshipa ukiwa umelegea. Haikusema kwamba usiku haubani. Kwenye hospitali zenye utaalamu huo, daktari hutia dawa maalumu ya kuuchokoza mshipa ubane huku anautazama. Mimi sikuhitaji, kwa kuwa karatasi ya ECG ya saa kumi na robo ilikuwa imeshasema. Bila karatasi ile ningerudi na picha nzuri na jina la mwoga.

Kwa hiyo kama unabanwa kifua usiku, usiende hospitali na maneno "nina gesi". Ukishaitaja gesi wewe, umemwandikia daktari jibu. Nenda na daftari. Mimi nilichukua daftari la vipimo vya wateja, nikageuza nyuma: tarehe, saa, dakika ngapi, nilikuwa nafanya nini, nilikula au nilikunywa nini, nilimeza dawa gani. Mistari kumi ya daftari ilinisaidia kuliko miezi mitano ya kusimulia. Ukiwa na maumivu pale pale, omba kipimo cha umeme wa moyo wakati ule ule, usikubali kuambiwa usubiri mpaka yapungue. Au uliza kama wanayo mashine ndogo ya kuvaliwa siku nzima, saa 24, inayorekodi moyo ukiwa umelala.

Na taja dawa zote unazotumia. Ile propranololi niliyopewa ni dawa nzuri kwa watu wengi, siisemi vibaya. Lakini kwa mshipa wenye tabia ya kubana, dawa za aina ile zinaweza kuuachia ubane zaidi. Baadhi ya dawa za kipandauso, zile kali, nazo ni hivyo hivyo. Usiiache peke yako ukasema fundi wa magauni kanambia, maana kuikata ghafla nako kuna hatari yake. Mwendee daktari na daftari lako, muulize.

Matibabu yangu ni ya kawaida kabisa. Kuna kidonge kinacholegeza mishipa, watu wa presha wanakijua, jamii ya amlodipini na diltiazemu. Changu nameza usiku kabla ya kulala, ili alfajiri inikute dawa ikiwa kazini. Miguu ilinivimba kidogo mwanzoni, nikamwambia daktari akapunguza kipimo. Nilichoonywa zaidi ya yote ni kutokiacha ghafla kwa sababu najisikia mzima. Ninajisikia mzima kwa sababu nakimeza, na ukikikata siku moja, mshipa unaweza kulipiza.

Halafu kile cha chini ya ulimi, nitrogliserini. Kikianza kifua, kwanza kaa. Usimeze umesimama, kinashusha presha ghafla na unaweza kuanguka ukavunja kiuno. Kichwa kitagonga, ndiyo kawaida yake. Maumivu yasipopungua ndani ya dakika tano, hiyo si habari ya kusubiri kukuche. Mwamshe mume, mwamshe jirani mwenye gari, uende hospitali. Na usikihamishe kutoka kwenye chupa yake. Mimi, kwa ufundi wangu, nilikishonea kimfuko kizuri cha shanga nikakitia ndani, nikazunguka nacho juani. Kumbe joto na mwanga vinakiua nguvu. Nilikuwa natembea na shanga tu.

Nyongeza ndogo ya chumbani, na haya tuiweke pembeni: kidonge hiki kisikutane na vidonge vya nguvu za kiume. Mume akiwa anatumia vile, halafu siku moja kifua kimbane, ukampa cha kwako kwa huruma, presha inaweza kuporomoka akakufia mikononi. Dawa ya mtu ni ya mtu.

Kuhusu vinavyochokoza mshipa, wa kwanza ni moshi wa tumbaku. Hakuna wa kushindana naye. Na shisha ni tumbaku, dada zangu, hata ikinukia tufaha. Naona siku hizi mikesha ya harusi yetu, mabinti wa watu na mibuibui ya thamani, shisha imewekwa katikati kama sinia la pilau. Mirungi nayo inabana mishipa ya moyo, na dawa za kulevya kama kokeini ni zaidi. Baridi ya ghafla ni mchokozi pia. Kipupwe chetu si kitu mbele ya baridi ya Ulaya, lakini mimi nilikuwa nikiamka saa kumi na moja kutia udhu kwa maji ya mtungi, na kwenye daftari ikaonekana: siku za maji baridi, kifua. Sasa jioni natia maji ya moto kwenye chupa ya chai, alfajiri nachanganya. Udhu ni udhu, maji ya uvuguvugu hayana makosa. Hofu na pumzi za haraka haraka, zile za mtu aliyepaniki, nazo humo humo. Si kwamba maumivu ni ya kufikirika. Wasiwasi unaweza kuukaza mshipa wa kweli, wenye damu ya kweli.

Ramadhani ndiyo swali ninaloulizwa sana na wateja wanaojua habari yangu. Kidonge cha usiku hakina tatizo, wengi wetu kinatosha mara moja kwa siku, lakini panga na daktari mapema, tangu Rajabu au Shaabani, usingoje mwezi uandame. Kile cha chini ya ulimi, Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997 ilikihesabu miongoni mwa visivyobatilisha saumu, kwa sharti usimeze kinachofika kooni. Ukipata shida ukihitaji, kitie, kiyeyuke, tema kilichobaki. Kama sheikh wako ana kauli nyingine, muulize, lakini muulize sasa ukiwa mzima, si saa kumi jioni kifua kimekukaba na unajadiliana na nafsi yako. Na ikiwa daktari mwenye elimu amekuambia usifunge, mgonjwa ameruhusiwa na Mola wake. Nimewaona wanawake wanaoionea haya ruhusa ya Mwenyezi Mungu kuliko wanavyoonea haya kusengenya.

Sasa nije kwa mabibi harusi, maana nyinyi ndio mlionifanya nikae chini niandike.

Fundi anajua mambo ambayo mama hajui. Ninampima binti miezi mitatu kabla, nampima mwezi mmoja kabla, nampima tena siku zikikaribia. Mwaka huu nilikuwa na mmoja, kiuno kilipungua inchi nne kati ya kipimo cha kwanza na cha pili. Nikamsifu, kosa langu. Kipimo cha tatu akaomba kukaa. Akaweka mkono kifuani, midomo imekauka, vidole vinatetemeka. Mama yake akasema ni hasad, nyumba imeshajaa wageni. Nikamwomba mama akanitafutie uzi wa dhahabu duka la pili. Alipotoka nikamuuliza binti, "Unameza nini?" Akanitolea kichupa cha vidonge vya kupunguza mwili, amenunua kwa mtu wa mtandaoni, hakina jina la kiwanda wala orodha ya kilichomo. Anameza viwili asubuhi na viwili mchana, juu yake vinywaji vya kuongeza nguvu ili asisinzie mikeshani.

Mnajua kilichomo ndani ya vichupa kama vile? Hamjui, na mimi sijui, na aliyemuuzia hajui. Ipo dawa ya kupunguza mwili iitwayo sibutramini, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya mashambulio ya moyo na kiharusi, na bado imekuwa ikikutwa imefichwa ndani ya vidonge vinavyoitwa vya mitishamba. Dawa za kuchangamsha mwili zinaweza kubana mishipa ya moyo hata ya binti wa miaka ishirini na mbili.

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mama. Akasema, "Watasema nina ugonjwa wa moyo, posa itarudishwa."

Dada zangu, tumefika hapo. Binti yuko tayari afe kwenye shela kuliko aonekane mgonjwa. Na ninajua kwa nini, kwa sababu hata mimi, mwanamke mwenye duka na watoto wawili, nilificha. Somo anatufundisha kuvumilia, na ni kweli ndoa inataka subira. Lakini sikumsikia somo wangu akisema nivumilie mpaka moyo usimame. Mtume wetu (S.A.W.) ametuhimiza kutafuta dawa. Na mume mtarajiwa ana haki ya kujua, nawe una haki ya kujua kama ni mtu wa kukupeleka hospitali saa kumi usiku au wa kugeukia ukutani. Bora ulijue hilo kabla ya hina. Hata uzazi unahitaji daktari ajue mapema, maana mwenye mshipa huu akitaka kubeba mimba dawa zake hupangwa upya.

Sikumwambia binti ana ugonjwa wangu, kwani siwezi kujua. Mama aliporudi na uzi nilimweleza mbele yake, na kichupa nikakiweka juu ya meza ya kukatia. Mama alinyamaza kitambo, kisha akavaa buibui lake. Wakaenda hospitali moja kwa moja, gauni limebaki na pini. Walichukua kichupa pamoja nao. Akapimwa, akaambiwa avitupe vidonge na vile vinywaji, akawekwa chini ya uangalizi, na kifua kikatulia.

Posa haikurudishwa. Kijana mwenyewe ndiye aliyekuwa akimpeleka kliniki kwa vespa, na mama amekaa katikati yao.

Wiki mbili kabla ya harusi alikuja kupimwa mara ya nne. Kiuno kilikuwa kimerudi inchi tatu. Nilikuwa nimeshatia shanga pembeni zote, kazi ya siku sita. Nikachukua mkasi mdogo nikafumua.